Jembe, Mkungu na Mafungu 238 ya Misuli

Ukisimama Mazimbu, kwenye Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Milima ya Uluguru imekukabili. Asubuhi kinamama huteremka wakiwa wamejitwika mikungu ya ndizi kwenda soko la Morogoro; siku ya shamba, mgongo ule ule huinamia jembe. Kazi hizi mbili haziulemei mgongo kwa namna moja, na modeli ya kompyuta ya kiuno inaweza kutuonyesha tofauti, mradi isidanganywe na dhana zake yenyewe.

Tuanze na jembe. Mtu wa kilo 60 ana takriban kilo 33 juu ya kiuno: kiwiliwili, kichwa na mikono. Akiinama, uzito huo wa nyutoni 323 husogea mbele ya pingili ya mwisho ya kiuno, tuseme sentimita 25. Misuli ya mgongo inayouzuia iko sentimita 5 hivi nyuma ya egemeo. Kwa kanuni ya wenzo, lazima ivute nyutoni 1,615, sawa na uzito wa kilo 165, na mvuto huo wote unaikandamiza diski iliyo kati ya pingili. Jembe lenyewe bado hatujalipima.

Hadi hapo penseli inatosha. Kompyuta inahitajika tukiuliza ni msuli upi unavuta kiasi gani. Modeli ya kiuno waliyoichapisha Christophy na wenzake mwaka 2012, kwa programu ya OpenSim iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, ina mafungu 238 ya nyuzi za misuli. Mwendo wa kiuno chake ni wa aina tatu: kuinama na kuinuka, kupinda kando, kujizungusha. Milinganyo 3, visivyojulikana 238! Majibu hayana idadi. Njia iliyozoeleka ya kuchagua ni kudhani kwamba mwili hubana matumizi: jibu linalokubaliwa ni lile ambalo jumla ya miraba ya jitihada za mafungu yote ni ndogo kuliko zote.

Dhana hiyo inafaa kuanzia, lakini ukiishia hapo itakupotosha. Inaizima misuli ya tumbo kwa kuwa inavuta kinyume, ilhali elektrodi zikibandikwa juu ya ngozi huonyesha kwamba mara nyingi misuli hiyo inakaza pamoja na ya mgongo.

Sababu iko kwa mwenye mkungu. Mzigo wake umekaa karibu sawasawa juu ya uti wa mgongo, wenzo hauna urefu wa maana, na modeli ya kubana matumizi ingeiacha misuli ipumzike. Mwaka 1992 Crisco na wenzake walipokandamiza viuno vya maiti vilivyoondolewa misuli, vilijipinda kwa nyutoni 90 hivi, uzito wa kilo 9. Mkungu wa kilo 20 ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Misuli ya pande zote basi ni kamba za mlingoti wa jahazi: legeza upande mmoja, mlingoti unalala. Anders Bergmark wa Sweden aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1989, na tangu hapo jibu la kuaminika ni lile linalosawazisha nguvu na pia kustahimili msukosuko mdogo.

Nchini Kenya, watafiti Maloiy, Heglund na wenzao walipima oksijeni katika pumzi za wanawake wa Kiluo na Kikuyu wabebao mizigo, wakachapisha mwaka 1986 kwamba waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza matumizi ya nishati. Ni matokeo ya kustaajabisha, ila oksijeni haisemi diski imebanwa kiasi gani.

Jembe nalo lina siri yake. Floyd na Silver walionyesha mwaka 1955 kwamba mtu akiinama mpaka mwisho, misuli ya mgongo hunyamaza. Kano na diski ndizo zinazoubeba mwili. Modeli isiyo na kano itaipa misuli kazi ambayo haifanyi.

Kwa hiyo anayetaka kumchora mkulima wa Uluguru kwenye kompyuta aanze kwa kupima mpini wa jembe. Mpini mrefu ukimwinua hadi sentimita 25 zile ziwe 15, nyutoni 1,615 zinashuka hadi 969. Apime na mwinamo wa shamba, kwa sababu anayelima akielekea juu mlimani udongo umeshasogea karibu na mikono yake.