Hedifoni za Mgongo Wazi Zimefika Konde, Nami Silali!

Nianzie wapi? Nianzie kwenye malapa ya mama.

Usiku wa kwanza, saa nne kasoro robo, nimejifungia chumbani kwangu hapa Konde, Pemba, laptopu mezani, nimo ndani ya gemu ya Counter-Strike 2. Nimejibanza nyuma ya ukuta, risasi zimebaki tano. Nikasikia hatua nyuma yangu, upande wa kushoto, zinakuja taratibu. Nikaigeuza bunduki. Hakuna mtu. Hatua zinazidi kusogea. Nikageuza tena. Hakuna mtu! Mara pazia la mlango likafunuliwa: "Mwanangu, chai inapoa."

Kumbe ni malapa ya mama kwenye sakafu ya saruji. Wallahi nilicheka mpaka nikapigwa risasi ya kichwa.

Hizo ndizo hedifoni za mgongo wazi, wasomaji wangu, na hizi za kwangu ni Sennheiser HD 560S, nilizozisubiri miezi mitatu kama mtu anayesubiri posa yake ijibiwe. Zimeletwa na binamu yangu anayeishi Maskati, ndani ya sanduku la nguo, zimeviringishwa kwa kanga mbili alizomletea mama. Ndege hadi Unguja, boti hadi Mkoani, nami nikaenda kuzipokea bandarini. Kutoka hapo tukakipanda kisiwa chote, kusini hadi kaskazini, boksi likiwa mapajani mwangu, huku jirani yangu garini akiniuliza kila kituo kama nimebeba keki. Nina siku tatu nazo. Tatu tu! Kwa hiyo haya si hukumu ya kadhi. Ni maneno ya mtu mwenye mahaba mapya, myapokee hivyo.

Mgongo wazi maana yake nini?

Ndani ya kila upande wa hedifoni mna spika ndogo. Spika ikitikisika hutoa sauti mbele na nyuma kwa pamoja. Ya mbele inaingia sikioni, lakini ile ya nyuma iende wapi? Hedifoni nyingi tulizozizoea zina kikombe cha plastiki kilichozibwa. Sauti ya nyuma hugonga ukuta huo, na isipozuiwa vizuri hurudi na kuivuruga ya mbele. Hizi zangu nyuma yake ni wavu. Nimezishika mbele ya dirisha, mwanga ukapenya. Sauti ya nyuma inatoka, inakwenda zake, haimrudii mtu.

Si uchawi wa jana. Sennheiser, Wajerumani hao hao, walitoa HD 414 mwaka 1968, zenye sponji za njano zisizosahaulika, na ndizo zinazotajwa kuwa hedifoni za kwanza za mgongo wazi kuuzwa madukani. HD 560S ni kitukuu, zimetoka 2020. Kwa lugha ya nyumbani: za mgongo uliozibwa ni chumba kilichofungwa madirisha, na hizi ni baraza. Umekaa kwako, lakini upepo unapita, na anayepita njiani unamsikia.

Na upepo si lugha ya picha tu! Kwa joto la Pemba, hedifoni zangu za zamani za ngozi ya bandia zilinifanya niyafute masikio kila baada ya nusu saa, kama mtu aliyetoka kuchuma karafuu. Hizi zina pete za mahameli, gramu 240 bila waya, na masikio yanakaa ndani bila kuguswa. Jana nimezivaa saa tatu mfululizo. Masikio makavu! Kwa hilo pekee ningewapigia wale Wajerumani makofi.

Waya ni mita 3. Umenifikia kitandani na ukabaki wa kuanikia shuka. Ncha yake ni ile pini nene ya milimita 6.35, lakini ndani ya boksi kuna adapta ya tundu la kawaida.

Taarabu kwanza, adabu mbele

Kitu cha kwanza kukisikiliza hakikuwa na mjadala. Nilifungua rekodi ya Culture Musical Club, kikundi cha tangu 1958, nikazima taa.

Lo!

Nyuzi za ganuni hufungwa tatu tatu, nyuzi tatu kwa kila sauti moja. Nimelijua hilo tangu skuli, nimeliona kwa macho kwenye maonyesho, lakini sikupata kulisikia. Kwenye simu, ganuni ni kitu kimoja kinachometameta. Hapa nimezisikia tatu! Kijiti kinaugusa uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na tofauti ndogo mno kati yao ndiyo inayofanya sauti ile itetemeke kama maji chini ya jua. Nai nayo: kabla haijatoa noti kuna pumzi, pumzi ya binadamu aliyekuwa amekaa mahali fulani na mdomo wake. Fidla zimepangana safu moja, hazikurundikwa katikati ya utosi wangu. Besi imekaa nyuma yao. Dumbaki ipo pembeni, na naweza kutofautisha kidole kilichogonga katikati ya ngozi na kilichogonga ukingoni.

Huo ndio tunaouita uwanja wa sauti, na ndio sababu watu wanauza mbuzi kununua hedifoni za aina hii. Muziki unatoka kichwani, unasogea nje ya masikio, unakaa chumbani pamoja nawe.

Ila nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilipofungua Siti binti Saad, zile sahani alizokwenda kuzirekodi Bombay kuanzia 1928, uwanja ulifungwa pwaa! Sauti ikarudi katikati ya kichwa. Sababu ni rahisi: enzi zile hakukuwa na kushoto wala kulia, sauti yote ilipita njia moja. Hedifoni haziwezi kukupa nafasi ambayo rekodi haikuwa nayo. Zilichonipa badala yake ni mkwaruzo wote wa santuri, na nyuma ya mkwaruzo, sauti yake ikisimama wima kuliko nilivyowahi kuisikia.

Na hapa ndipo zinapokuwa shahidi asiyehongeka. Nina memori kadi niliyojaziwa nyimbo dukani miaka hiyo, nyimbo mia nne kwa bei ya soda mbili. Nimezipenda nyimbo zile maisha yangu yote. Sasa nazisikia zilivyobanwa: matoazi yanatoa mchakacho kama mvua ya mawe juu ya bati, na sauti za juu zimekatwa kama nywele za mwanafunzi wa chuoni. Nimefuta nusu. Ukinunua hedifoni hizi, jiandae kuzitafuta upya nyimbo zako katika faili bora.

Mashabiki wa singeli nao niwaambie mapema. Sauti ya nyuma inapoachiwa ikimbie, msukumo wa besi nao hupungua. Besi ipo, tena safi, unaijua ilipoanza na ilipokoma, lakini haikupigi kifuani. Inakusimulia ngumi badala ya kukupiga. Ukitaka kutikiswa meno, tafuta za mgongo uliozibwa, na hakuna ugomvi.

Sasa gemu. Jamani!

Ubongo hujua sauti imetoka wapi kwa hila ndogo ndogo. Sauti ya kushoto hulifikia sikio la kushoto kabla ya la kulia, kwa tofauti isiyofika elfu moja ya sekunde. Kichwa chenyewe huikinga kidogo. Mikunjo ya sikio huigeuza ladha yake kutegemea inatoka juu, chini, mbele au nyuma. Counter-Strike 2 inazipigia hesabu hila zote hizo na kuzitia katika njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Ndiyo maana sitaki tena kusikia habari za hedifoni zilizoandikwa "7.1" ubavuni na taa za kumeremeta. Hesabu imeshafanywa ndani ya gemu. Kazi ya hedifoni ni kuifikisha bila kuichafua.

Na hizi zinaifikisha! Nacheza zaidi na maroboti, maana intaneti ya simu jioni huwa imechoka kuliko mimi. Kwenye ramani ya Mirage, yenye matao na vichochoro ambavyo watengenezaji walivikusudia viwe vya Moroko ila mimi naona Mji Mkongwe, nilisikia mtu akikimbia juu ya mbao, kisha akishuka kwenye mchanga, kisha kimya: ameanza kutembea kwa kunyata. Nilijua dirisha gani atatokea kabla hajatokea. Mara moja, mara mbili, mara tano. Nilijihisi bundi wa msitu wa Ngezi.

Juu na chini ni hadithi nyengine. Kwenye Nuke, ramani ya kiwanda chenye sakafu moja juu ya nyengine, nimekosea kama nilivyopatia. Hesabu ile imetengenezwa kwa sikio la wastani, na sikio langu lina mikunjo yake. Hakuna hedifoni itakayolitatua hilo.

Mdogo wangu wa kidato cha pili hakuweza kusubiri zamu. Akazichomeka kwenye padi ya PS4, akaanzisha mechi ya mpira. Dakika ya tatu akageuka kutazama ukuta. "Kaka, watu wamekaa nyuma yangu!" Ni mashabiki wa jukwaani. Amecheza gemu ile miaka miwili, hakupata kuwasikia wakiwa mahali. Tangu hapo nazificha juu ya kabati.

Mambo ya kujua kabla hujauza mbuzi

Hazina maiki. Ukicheza na wenzako itakubidi ununue ya kubana kwenye shati, na usifungulie sana sauti ya gemu, maana maiki itazinasa hedifoni zako mwenyewe.

Zinataka nguvu zaidi kidogo. Ukinzani wake ni omu 120. Simu yangu haina tundu la pini, nikatumia kile kidude kifupi cha USB-C kinachogeuza data kuwa sauti. Kilitosha kwa taarabu, ila nilipandisha sauti kuliko nilivyozoea. Laptopu haikulalamika.

Zinavuja! Pande zote mbili. Unachosikiliza wewe, anasikia aliye karibu. Usiku wa pili mama aliniuliza kwa nyuma ya pazia, "Huyo bibi anayeimba humo ndani ni nani, na mbona anaimba kwa kunong'ona?" Kwa hiyo garini usizivae, kwenye kibanda cha gemu sokoni usizipeleke, na kama unalala chumba kimoja na watu, omba radhi mapema. Lakini hapa kwetu kuvuja kwa upande wa pili ni adabu hasa. Mtu akipiga hodi namsikia. Adhana ya isha ikiadhiniwa naisikia, nashusha hedifoni shingoni, nanyanyuka. Nikiwa na zile zilizozibwa niliitwa kiburi mara mbili kwa wiki kwa kutoitika salamu dirishani.

Na bei. Zilipotoka, Marekani ziliuzwa dola 199.95. Kwa shilingi zetu ni malaki, na mimi nimejinyima tangu mavuno yaliyopita. Kwa aliyezoea kusikiliza nyimbo huku anafua, si zake. Kwa anayekaa chini kusikiliza, kama anavyokaa chini kula, nasema zifuate.

Adui ambaye hakuna aliyenionya

Nimesoma sifa na kasoro za hedifoni hizi miezi mitatu, na hakuna hata mmoja aliyetaja feni.

Feni! Chumba changu hakikaliki bila feni, na feni yangu inavuma kama boti ya Mkoani. Za mgongo uliozibwa ziliimeza. Hizi zinaiacha iingie, ikae pale pale nai inapovuta pumzi. Nikiizima natota jasho, nikiiwasha napoteza nusu ya nilichokilipia. Siku mbili nimekaa na kidole kwenye swichi.

Jana usiku umeme ukakatika. Mnajua umeme wa Pemba unavyokuja, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na mnajua unavyoweza kuondoka. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Televisheni ya jirani ikanyamaza, friji likanyamaza. Watoto wakaguna kwa pamoja, Konde nzima ikawa giza. Laptopu ikabaki na betri yake.

Nikairudia ile rekodi ya kwanza. Jasho linanitiririka, wala sikujali. Ganuni ikapigwa, na kwa mara ya kwanza nikasikia noti ikifa: ikapungua, ikapungua, ikawa uzi mmoja kati ya ule utatu, kisha si kitu. Nje, kwenye mwembe, popo wakagombea embe. Walikuwa upande wa kulia, juu kidogo, nyuma ya fidla, na haki ya Mungu walikuwa kwenye mdundo.

Dakika kumi na tano hivi. Kisha watoto wakapiga kelele, "Umerudiii!", na feni ikaanza kuzunguka.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu ninaidai feni.