Futi ya Speke na daftari la kalori: kusoma "Hunger" nikiwa Kirushya

Kitabu cha Roxane Gay nilikimalizia nyuma ya jiko la shangazi yangu, Kirushya, wilayani Ngara, siku ya tatu baada ya kushuka basi. Nimekitaja mahali makusudi. Kingesomwa Mwanza ninakoishi, ningeandika uhakiki mwingine, wa kiungwana zaidi. Ila kukisoma huku maharage yanatokota pembeni na kila anayepita anasimama kukuangalia mwili kabla hajakusalimia, hapo kitabu kinakusoma na wewe.

Niseme mapema ili nisijifanye hakimu: mimi ni mtu niliyekatwa tumbo. Miaka sita iliyopita nilifanyiwa ule upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi, na kinachobaki, alivyonieleza daktari, ni kirefu na chembamba "kama ndizi". Nimekuja kugundua kwamba maelezo ya upasuaji huu karibu kote duniani yanatumia mfano huohuo. Mtu wa Ngara lazima aulize: ndizi gani sasa? Maana kuna kisukari na kuna mkono wa tembo.

Niliingia na kilo 128. Mwaka mmoja na nusu baadaye nilikuwa na 79. Leo, sitaki kuutaja haraka uzito wa leo, tutaufikia.

"Hunger" ilitoka mwaka 2017. Gay, mwandishi Mmarekani mwenye wazazi kutoka Haiti, anasimulia mwili wake mwenyewe: alivyobakwa na kundi la wavulana akiwa na miaka 12, alivyoanza kula ili ajijengee ngome ambayo hakuna mwanamume atakayeitamani, alivyofikia pauni 577, yaani kama kilo 262. Mwanzoni kabisa anaeleza siku aliyokwenda na baba yake kwenye kliniki moja kusikiliza maelezo ya upasuaji wa kupunguza uzito. Alitoka bila kukubali. Kitabu kizima kimeandikwa na mtu ambaye hajakatwa. Halafu Januari 2018, kitabu kikiwa hakijatimiza hata mwaka madukani, akafanyiwa upasuaji huo huko Los Angeles, na mwaka huohuo akachapisha insha iitwayo "What Fullness Is". Ukitaka kumsoma vizuri, soma vyote viwili. Kitabu ni swali na insha ni jibu ambalo aliyelitoa halimfurahishi.

Kama kitabu, kina kasoro. Sura ni fupi fupi, zaidi ya themanini, na katikati zinaanza kujirudia: kiti cha ndege, kiti cha mgahawa, kiti cha jukwaani. Kuna mahali nilijisemea, dada, tumeelewa. Lakini siku ya pili nikaona kwamba ndivyo ilivyo. Mtu mnene hakutani na kiti mara moja akamaliza. Nilikuwa nalipia siti mbili za basi la Mwanza kuja Ngara, na kila safari konda ananiuliza upya, kwa sauti, mwenzangu yuko wapi.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyoikataa hadithi ya "kabla na baada". Mnaijua: picha mbili, kushoto mtu amenuna, kulia anacheka, suruali ya zamani kaishika mbele kama pazia. Gay anakwambia mwanzoni tu kwamba hana picha ya kulia. Kwa hilo peke yake nampa heshima yake.

Ila tatizo langu ni kubwa kidogo. Tuseme leo mtu anataka kukitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili. Ataanzia wapi kwenye jina? "Njaa"? Jamani, ukimwekea mtu wa Ngara kitabu chenye jina "Njaa" mezani, hatafikiria mwanamke mnene wa Nebraska. Mimi nilikuwa na miaka tisa Aprili 1994, watu wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo, robo milioni hivi ndani ya takribani siku moja, wakajaa Benaco. Neno kalori katika wilaya yetu halikuletwa na watu wa kupunguza mwili. Lilikuja na malori ya mahindi ya njano na makopo ya mafuta. Kipimo cha mashirika wakati ule kilikuwa kalori 1,900 kwa mtu kwa siku, na mwaka 1997 kikapandishwa hadi 2,100. Kipimo cha karatasi, naelewa, kugawa ni habari nyingine. Lakini kulikuwa na mtu mahali fulani amekaa na kalamu anauliza: binadamu anahitaji kiasi gani ili asife?

Miaka mingi baadaye nami nikapewa daftari. Muuguzi akaniandikia kwa wino mwekundu: 1,200. Nilicheka, akaniuliza nacheka nini, nikashindwa kumweleza. Nimelipa pesa nyingi nikatwe tumbo ili nile chini ya mgao wa mkimbizi.

Na hilo daftari nalo ni maandishi, linastahili kuhakikiwa. Lile nililopewa lilikuwa na kurasa za vyakula: brokoli, mtindi usio na mafuta, samaki wa maji baridi ambaye simjui. Ndizi ya kupika haikuwemo. Ubwabwa umo, ugali wa muhogo haumo. Mwandishi wake hakumfikiria msomaji kabisa, kosa ambalo tukilikuta kwenye riwaya tunalipigia kelele. Mantiki yake hata hivyo ni nzuri: anza na protini, kama gramu 60 kwa siku, usinywe maji pamoja na chakula, vidonge vya vitamini na madini maisha yako yote. Na onyo moja ambalo nililipuuza: tumbo dogo linazuia kile kinachohitaji kutafunwa, halizuii kinachoteremka chenyewe. Chai ya maziwa inateremka. Uji, juisi na soda vinateremka. Kijiko kidogo cha sukari ni kalori 16 hivi, si kitu. Vijiko vitatu, vikombe vinne, na huku kwetu kikombe kinajazwa kabla hujakimaliza, unafika karibu 200 kwa sukari tu, maziwa bado. Karanga za kutafuna kwenye mazungumzo, gramu mia zina zaidi ya kalori 550. Mimi sikunenepa tena kwa ulafi. Nilinenepa kwa kutembelea watu.

Hapo ndipo namlaumu Gay, kwa upole. Insha yake ni ya miezi michache tu baada ya kisu. Anaeleza vizuri hofu ya kulazwa, mate ya hamu, na kule kugundua kwamba chakula kilikuwa faraja na sasa faraja imefungiwa mlango. Lakini mwezi wa sita ni fungate. Kule Sweden kuna utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1987, ukawafuatilia waliopasuliwa kwa miaka mingi. Kabla ya upasuaji walikuwa wanakula kama kalori 2,900 kwa siku. Miezi sita baadaye ilikuwa kama 1,500. Kufika mwaka wa kumi, karibu 2,000. Waliounganishiwa utumbo walikuwa wamepoteza asilimia 32 ya uzito pale walipofika chini kabisa, na kwenye mwaka wa kumi walibaki na pungufu ya asilimia 25. Wengi hawakurudi walikotoka, tusitishane. Ila mstari unapanda, polepole, na hakuna kitabu nilichosoma kinachokaa hapo kwenye mwaka wa tano au wa sita, penye mtu ambaye hajashindwa wala hajashinda, anayepima maharage kwa kijiko siku ya Jumanne ya kawaida. Waandishi wanapenda kisu. Baada ya kisu hakuna tukio.

Kuna jambo la pili ambalo Gay asingeweza kulijua, na sisi hatuna kisingizio cha kutolijua. Aibu anayoieleza ni ya unene. Kwetu aibu ilikaa upande wa pili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wakaupa ugonjwa jina la kitambaa cha magendo, Juliana, na Waganda wakauita kwa neno la Kiingereza la wembamba. Tulioisoma "Orodha" ya Steve Reynolds sekondari tulikua tunajua kwamba binti aliyebadilika mwili ameshahukumiwa. Kwa hiyo niliposhuka basi na kilo zangu 79, mwaka ule wa pili, niliyejidhani nimependeza, shangazi alinipokea begi akakaa kimya mpaka jioni.

"Shikamoo shangazi, mbona umeninunia?"

"Marahaba mwanangu. Sijanuna." Akachochea kuni. "Wewe tuambie tu. Sisi ni damu yako, hatutakutenga. Dawa siku hizi zipo."

Nilimweleza habari ya tumbo kukatwa. Akaona namdanganya, tena uongo wa kitoto. Nani anakata tumbo zima la mtu mzima? Nikamwonyesha makovu, matano, madogo kama ya kuumwa na siafu. Akayagusa moja moja. Sijui kama aliamini. Najua kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nawekewa maziwa fresh asubuhi na jioni, na mjumbe alikuja kunisalimia mara mbili.

Nikirudi kwenye fasihi: mwili mnene wa Kagera uliandikwa zamani kuliko tunavyodhani. Mwishoni mwa 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita Usui, nchi ya Washubi, ndiyo Biharamulo na sehemu za Ngara ya leo. Mtawala wake Suwarora alimsumbua sana kwa hongo, na Speke kalalamika kurasa nzima (mimi huwa nazisoma kwa furaha). Kisha akafika Karagwe kwa Rumanika. Kule akakuta wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa, na kwenye kitabu chake cha 1863 anasimulia alivyomwomba shemeji mmoja wa mfalme ampime, akimwahidi naye kumwonyesha miguu na mikono yake. Akatoa futi. Mkono, mzunguko wake sentimita 58. Kifua 132. Paja 79. Urefu 173. Pembeni yupo binti wa miaka 16 anakunywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache.

Vipimo vyote vimo. Jina la yule mama halimo.

Nimezisoma kurasa hizo mara nyingi, na kila mara nazichukia tofauti. Zamani nilimchukia Speke kwa futi yake. Siku hizi namtazama zaidi yule binti. Fimbo yake ilikuwa ya kumnywesha na wino mwekundu wangu ni wa kunizuia, lakini hakuna aliyemuuliza kama ameshiba. Na hapa ndipo Gay anapompita Speke mbali sana: naye anataja namba, tena kubwa kuliko zote, lakini anaitaja mwenyewe. Kilo 262 zikitoka mdomoni mwa mwenyewe si sawa na sentimita 132 zilizoandikwa na mgeni.

Jina la insha, nadhani, lingekuwa rahisi kutafsiri kuliko la kitabu: "Shibe". Tena Kiswahili kinampa Gay kitu ambacho Kiingereza hakina. Sisi tunasema fulani na fulani wameshibana, maana yake wamependana, wamezoeana mpaka basi. Shibe kwetu ni ya watu wawili. Shibe yangu mpya inakuja kijiko cha nne, haiji kama raha, inakuja kama mtu kaniweka kiganja kifuani. Sahani ya shangazi bado imejaa. Yeye ameacha kula ananitazama, na ninajua anachokisoma: huyu hataki tushibane. Huu ndio ukurasa niliokuwa nautafuta kwenye kitabu cha Gay na sikuuona, pengine kwa sababu kwake adui ni macho ya watu wasiomjua. Wangu wananijua toka nikiwa mgongoni.

Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza shangazi kupeleka kahawa. Kijana wa mizani alikuwa anatania kila mtu, akaniambia panda na wewe dada tukupime kama gunia. Nikapanda. Miwani sikuwa nayo, akasoma yeye kwa sauti: tisini na moja.

Mimi nikahesabu kimya: kumi na mbili zimerudi.

Shangazi alikuwa anafunga mdomo wa gunia. Hakugeuka, lakini nilimsikia akisema, "Afadhali."