Makabidhiano Kabla ya Skrini Kuwaka

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta, Windows au Linux bado imelala kwenye diski. Inayoamka kwanza ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mama: zamani BIOS, siku hizi UEFI. Hiyo ndiyo inayoijua mashine, kumbukumbu yake na vichakataji vyake, na yote inayoyajua lazima iukabidhi mfumo endeshi ulioandikwa na watu wengine, pengine miaka mingi baadaye.

Mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni za makabidhiano hayo, ziitwazo ACPI. Je, mfumo endeshi utajuaje taarifa zimewekwa wapi? Kwenye mashine za BIOS jibu lao ni la kifundi hasa. BIOS huandika herufi «RSD PTR» na nafasi moja mwishoni, zitimie baiti 8, mahali ambapo anwani hugawanyika kwa 16 bila baki. Mfumo endeshi huzitafuta kwa hatua za baiti 16, tena katika maeneo mawili madogo tu ya megabaiti ya kwanza. Ukizikuta hausadiki upesi, kwani herufi zinaweza kuangukia hapo kwa bahati. Hujumlisha baiti 20 za mwanzo, na baiti ya chini ya jumla hiyo lazima iwe sifuri. Baiti moja imewekwa humo kwa kazi hiyo tu, kusawazisha hesabu!

Kutoka hapo mfumo endeshi huelekezwa kwenye majedwali yenye taarifa zenyewe. Kila moja hutaja jina lake la herufi nne na urefu wake, na karibu yote yana hesabu ya uhakiki. Mfumo usiolitambua jina hulipita tu, na ndiyo maana majedwali mapya yameongezwa bila kuivuruga mifumo ya zamani.

UEFI imeondoa msako huo, maana hukabidhi anwani moja kwa moja. Mimi napenda zaidi inavyoaga. Mfumo endeshi huomba ramani ya kumbukumbu na kupewa pamoja nayo namba ya ufunguo, ambayo hurudishwa wakati wa kuagana. Ramani ikibadilika katikati, ufunguo hukataliwa na ombi huanza upya. Hakuna anayeondoka na ramani iliyochakaa.

Ukiwa na Linux, fungua terminali uandike «sudo dmesg», kisha soma mistari ya mwanzo polepole. Makabidhiano hayo yameandikwa humo, anwani kwa anwani.