Sekunde ya Kwanza ya Kompresa

Malori yanayopita Miasenyi, karibu na Voi, yakishuka Mombasa na makontena ya friji yana somo kwa wenye magari ya kulala ndani wanaopiga kambi pembezoni mwa Tsavo. Chini ya trela, au mbele ya kontena, imefungwa jenereta ya dizeli ya takriban kilowati 15. Maparachichi yametulia ndani kwenye nyuzi 5 au 6, nje jua linachoma. Wengi watakwambia siri ni ukubwa wa jenereta. Ukubwa unasaidia, ila kompyuta ya kontena nayo haiwashi vyote kwa mkupuo: feni hutangulia, kompresa hufuata, na umeme unaovutwa umewekewa kikomo cha ampea.

Gari la kulala halina msimamizi huyo. Chukua kiyoyozi cha paani cha BTU 13,500 na jenereta ya kubebeka kama Honda EU22i, inayotoa wati 1,800 mfululizo na 2,200 kwa muda mfupi. Kikishashika mwendo, kiyoyozi hula kama wati 1,500, yaani ampea 6 au 7 kwenye volti 230. Kwenye karatasi, jenereta inatosha. Lakini mota ya kompresa inapotoka kwenye kusimama huvuta mara nne hadi sita ya hizo, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Jenereta haina pa kuzitoa, basi inakata umeme.

Dawa ni kifaa cha kuwashia taratibu, kinachofungwa na fundi kwenye nyaya za kompresa. Huiamsha mota hatua kwa hatua na kushusha mvuto ule wa mwanzo kwa zaidi ya nusu. Mimi ningenunua hicho kabla ya kufikiria jenereta kubwa zaidi, yenye kelele za kuwafukuza hata tembo.

Hata hivyo, joto la Miasenyi hula pande zote mbili. Paa likipigwa na jua la saa nane, koili ya nje hushindwa kutupa joto, shinikizo la gesi hupanda na kompresa hudai umeme zaidi. Wakati huohuo injini ya jenereta inavuta hewa ya moto, nyepesi, na nguvu zake zinapungua. Mwinuko nao hupunguza nguvu za injini, ila hapa si hoja kubwa: Voi jirani haifiki mita 600. Kwa hiyo egesha kivulini, washa kiyoyozi asubuhi kabla gari halijawa tanuri, na birika la umeme lipumzike.

Kiyoyozi kikizimika, usikiwashe papo hapo. Ngoja dakika 3 hadi 5 shinikizo lisawazike, la sivyo kompresa itaanza ikiwa imebanwa, na jenereta itakata tena.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Iweke jenereta angalau mita 6 kutoka garini, ekzosi ikitazama nje, upande upepo unakoelekea: msimu wa kusi, ni kaskazini-magharibi ya gari.