Mwalimu Alikaa na Kundi Lisilomhitaji

Mliolitazama somo la mfano la Kiswahili, Darasa la Tatu, katika jumuiya yetu ya kujifunza mnakumbuka makofi ya mwishoni. Mimi sikupiga. Somo lile liliharibika dakika ya 12 na halikupona tena.

Maandalizi yalikuwa mazuri: watoto walipimwa mmoja mmoja kwa ngazi za silabi, neno, aya na hadithi, na kila ngazi ikaandikiwa kadi zake.

Kisha kazi za vikundi zikaanza, na mwalimu akaenda moja kwa moja kwenye kundi la hadithi. Kundi la silabi aliliachia kiranja, na agizo la kunakili ubaoni mwa, nya, ng'a na nywa, mara tano tano. Alikaa na wasomaji wale dakika 18, akiuliza maswali ya ufahamu, nao wakijibu kwa sauti za kujiamini, huku wageni waliokaa nyuma wakiridhika.

Mtoto anayesoma hadithi anaweza kuachwa nayo. Mpe maswali mawili na umwambie auandike mwisho mwingine. Ukirudi utakuta kazi ya kusahihisha. Asiyejua silabi, ukimwacha peke yake, hana pa kuanzia. Kunakili hakumfundishi kusoma. Mkono unaweza kuchora ng' na ritifaa yake ukurasa mzima, sikio lisijue kwamba ng'ombe na ngoma havianzi kwa sauti moja. Mtoto huyo anahitaji mtu wa kumtamkia, kumsikiliza na kumrekebisha papo hapo, na darasani mtu huyo ni mwalimu. Kiranja, mtoto mwenzao, alifanya alichoweza: aliwatajia majibu. Baada ya kipindi nilipitia madaftari ya kundi lile. Mwandiko safi kabisa. Nilimwonyesha nya mtoto aliyekaa dirishani, akasoma na.

Simlaumu mwalimu yule kwa kukosa moyo. Darasa lenye viwango vingi humvuta mwalimu kwa wanaojibu. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walilichunguza jambo hili katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Katika karibu nusu ya shule hizo, Darasa la Kwanza liligawanywa mikondo miwili kwa alama za mwanzo. Mkondo wa chini nao ulipanda, kwa kuwa mwalimu wake hakuwa na vinara wa kufundisha badala yao. Ilimbidi aanzie pale watoto walipo. Sisi tuliwagawa watoto vizuri, tukasahau kumgawa mwalimu.

Na fomu yetu ya uchunguzi wa somo inalibariki kosa hili. Nimelalamika juu yake tangu zamani na nitaendelea: ina nafasi ya kuweka alama kwa zana, kwa vikundi, kwa chati za ukutani, lakini haiulizi popote mwalimu alikaa na nani.

Wakongwe wa elimu ya watu wazima walitupita mbali. Mradi wa majaribio wa Mwanza, ulioanza mwaka 1968 kwa ushirikiano na UNESCO, uliandika vitabu vya kujifunzia kusoma kwa kufuata shughuli za watu: mkulima wa pamba alianza na maneno ya pamba, mvuvi na ya uvuvi, mwenye migomba na ya migomba. Akili bora za mradi zilielekezwa kwa asiyejua herufi hata moja. Wasiojua kusoma nchini Tanzania walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Katika somo letu, msomaji alipewa hadithi yenye picha za rangi, asiyejua akapewa ubao. Yule wa dirishani amechora goli la mpira kwenye jalada la daftari lake. Nya yake ingeanzia kwenye nyavu.

Somo litarudiwa muhula ujao, Darasa la Nne. Andalio la somo liandikwe hivi: dakika 5 za maagizo kwa vikundi vyote, 15 mwalimu akiwa ameketi na kundi la silabi, kila mtoto akisoma kwa sauti angalau mara moja, ndipo azungukie wengine. Wageni nao wahamishiwe viti karibu na kundi hilo, wasikilize.