Anayetangulia Bila Kuziba

Katika miji ya kale ya Ulaya kazi ya kutembeza wageni ina alama yake: mwavuli uliokunjwa na kuinuliwa juu ya vichwa vya watu. Nenda Prague penye daraja la Charles, au Roma mbele ya Colosseum, utaona miavuli imechomoza huku na huku, na nyuma ya kila mmoja kundi la watu wenye vidude vya kusikilizia masikioni, wakiburuta miguu juu ya mawe. Siidharau kazi ile. Ina mitihani na leseni zake, na si mchezo kuwapitisha watu thelathini kwenye uchochoro uliofurika maelfu. Ila naona mtembezaji wa kule ana msaidizi mkubwa. Colosseum linakaribia umri wa miaka 2,000. Hata mwenye mwavuli akisahau maneno yote aliyokariri, jengo lenyewe litawatosha wageni.

Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hakuna msaidizi wa namna hiyo. Ukiifuata barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema mpaka iishe, unakutana na mchanga, mitumbwi, migomba, maji yasiyo na ng'ambo, na Milima ya Livingstone imesimama wima upande wa mashariki. Mgeni anapiga picha zake, anavua viatu, analowesha miguu, kisha anageuka: "Haya, sasa tunaona nini?" Anayeweza kulijibu swali hilo tangu asubuhi hadi jioni, kwa kundi zima, bila kumchosha mtu wala kumdanganya, ni fundi, na mimi namhesabu pamoja na seremala na mchonga mtumbwi.

Kundi nililoandamana nalo lilikuwa la walimu wastaafu kutoka Mbeya waliokodi Kosta. Sijui kama kuna kundi gumu kuliko hilo. Kila mmoja amezoea kwamba yeye ndiye anayesimama mbele. Kila mmoja anazo tarehe kichwani, na tarehe zenyewe hazipatani. Aliyewapokea alikuwa kijana aliyewahi kuvua samaki, umri wa mjukuu wao. "Shikamooni, walimu." Marahaba ikarudi kwa sauti moja, ya darasani. Nikangoja hotuba ya kukaribisha wageni. Hakuitoa. Alitazama viatu.

Alipita akiamkia mmoja mmoja, akiulizia safari na baridi ya Mbeya, macho yake yakiwa chini, na alipomaliza mzunguko alikwisha kujua nani ataingia botini mwenyewe, nani atahitaji kushikwa mkono, nani ana goti. Mwenye goti, mama mmoja mcheshi, akamwomba: "Mwalimu, njoo unisindikize huku mbele." Baadaye ndipo nilipolielewa jambo lile. Mtu mzito wa kutembea akiachwa nyuma, kila kituo anafika wenzake wamekwisha kupumzika na wanataka kuondoka. Hapumziki kabisa, na maelezo yote yanampita. Akiwekwa mbele, mwendo wa kundi unakuwa wake, wala hakuna anayehisi kwamba amepunguziwa. Nimetembezwa katika miji yenye sifa, na watu wenye vyeti, ambao hili hawakulijua.

Walimu walitaka chai kwanza. Kijana alitaka kwanza boti ya kwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, kwa sababu ziwa halingoji chai. Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, na Matema iko kwenye ncha ya mwisho. Upepo wa kusi ukiamka, mawimbi yanalikimbia ziwa lote kabla ya kuupiga ufuko huu. Asubuhi ndiyo saa ya vyombo vidogo. Hakulisema hilo kwa kubishana. Aliagiza chai itiwe kwenye chupa, chupa zikapanda boti ya mbao pamoja nasi, na walimu wakanywa chai yao juu ya maji, wameshinda.

Ndani ya boti alizungumza kidogo mno. Mbali kidogo ulionekana moshi mweusi ukipanda kutoka ziwani. Mmoja akasema meli inaungua. Mwingine, wa jiografia, akasema ni kimbunga kidogo. Wa tatu akasema ni watu wanachoma mkaa upande wa pili, akanyamazishwa. Kijana alikuwa ametulia kando ya injini, anasikiliza kama hayamhusu. Aliliacha swali liive. Walipokwisha kabisa ndipo aliposema: ni inzi. Wanaishi majini wakiwa viluwiluwi, wanatoka siku moja kwa mamilioni na kupanda angani kwa wingu. Kwa wenzetu wa Malawi wingu hilo likifika ufukoni watu hulikinga kwa makapu, wakawafinyanga inzi na kuwafanya mikate. Angelisema hayo mwanzoni, yangekuwa maelezo tu. Aliyasema kwa watu waliokwisha kuweka heshima zao rehani juu ya jibu, na hakuna mwalimu aliyelisahau jibu hilo siku nzima.

Kabla ya kushuka Ikombe alitoa sharti moja: salamu kwanza, kamera baadaye, na kununua mwisho kabisa. Ikombe ni kwa Wakisi, na Wakisi ni watu wa vyungu. Kazi ni ya wanawake, binti anajifunza kwa mama. Hakuna gurudumu la kukanyaga kwa mguu. Mkono mmoja unaligeuza donge, mwingine unaupandisha ukuta wa chungu, na ukuta unakwenda ukikwanguliwa hadi unakuwa mwembamba kuliko unavyodhani udongo unaweza kustahimili. Kisha kinapakwa rangi za udongo, nyekundu na nyeupe, kinaachwa kikauke, kinachomwa mahali pa wazi. Vyungu hivyo husafiri kwa maji vimepangwa botini hadi Lyulilo, jirani ya Matema, ambako soko lake ni Jumamosi, na kutoka hapo hupanda magari kwenda Mbeya na mbele zaidi. Ukikutana na chungu chembamba chenye tumbo pana na mikanda ya rangi shingoni kando ya barabara kuu, mbali kabisa na ziwa, kuna uwezekano mkubwa kilianza safari yake ndani ya mtumbwi.

Lakini niliyekuwa namtazama ni kijana. Tulipofika uani kwa mfinyanzi alisalimia kwa lugha ya pale, akaomba ruhusa, halafu akafanya jambo ambalo wengi wa kazi yake hawawezi: alikwenda kukaa nyuma ya kundi. Mwalimu mmoja akageuka, akamuuliza yeye chungu kimoja kinachukua muda gani. Akajibu, "Mwenye kazi huyo hapo, mwalimu." Bibi akaeleza kwa Kikisi bila kuinua macho: siku za jua ni hivi, siku za mvua ni vile, na huku wilayani Kyela mvua hairembi, hasa mwezi wa Aprili. Akafikicha udongo vidoleni, akauliza na yeye swali lake. Kijana akalitafsiri bila kutabasamu: "Bibi anauliza, huko Mbeya bado mnapikia chungu, au mnatilia maua?"

Walimu walicheka, lakini niliona wawili watatu wakitazamana.

Tafsiri ya namna ile, isiyoongeza sukari wala kupunguza chumvi, ni kazi ya zamani kwenye mwambao huu. Mwaka 1879 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 21, alifika kaskazini ya Nyasa na msafara uliotoka Dar es Salaam. Mkuu wake, Keith Johnston, alikuwa amefia njiani, Behobeho, na kijana yule akabaki na wapagazi katika nchi asiyoijua. Aliyekuwa akiijua kazi ni mnyapara mkuu, James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa mtoto, ambaye pamoja na Abdullah Susi aliusimamia msafara uliobeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo. Chuma ndiye aliyejua nani asalimiwe kwanza, kambi ipigwe wapi, na mzigo gani ufunguliwe mbele ya mtu gani. Thomson alirudi, akaandika vitabu, jina lake likapewa hata swala. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882.

Miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson walikuja kuwachunguza Wanyakyusa, na kutokana na uchunguzi ule Monica aliandika vitabu ambavyo bado vinasomeshwa vyuoni, kuhusu vijana waliojenga vijiji vya rika lao mbali na baba zao. Godfrey alikuwa na karani, Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyetafsiri, aliyeandika, aliyempeleka mgeni kwa watu na kuwaleta watu kwa mgeni. Alikufa kijana, mwaka 1938. Jina la anayetembezwa ndilo linalokaa kwenye jalada. Hilo sina haja ya kulilalamikia sana, maana hata Prague hakuna anayelikumbuka jina la mwenye mwavuli. Ninalotaka kusema ni kwamba kijana wa Matema hakuianzisha kazi hii. Aliirithi, ajue asijue.

Tuliporudi ufukoni ziwa lilikuwa limekwisha kuchafuka, na mwalimu wa jiografia akatikisa kichwa kukiri. Chakula cha mchana kilikuwa mbasa na wali wa Kyela, na juu ya wali huo nisieleze kitu, kwa kuwa asiyeujua harufu yake hatanielewa na aujuaye amekwisha kumeza mate.

Ilikuwa baada ya kula, watu wamelegea kivulini, ndipo historia ilipotolewa, na hapo nikaona upande mgumu zaidi wa ufundi huu. Mtembezaji ana kishawishi kila siku: hadithi nzuri iliyotokea mahali pengine. Ziwa hili lina hadithi ya meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyoshushwa majini mwaka 1893. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliikuta imepandishwa bandarini kwa matengenezo, ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa akijuana vizuri na Rhoades, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Husimuliwa kwamba alipiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa. Ni hadithi ya kuwashika wageni mpaka jioni. Kijana aliisimulia vizuri, akamalizia: "Lakini walimu, haya hayakutokea hapa. Yalitokea Liuli, mbali kule kusini. Atakayewaonyesha mahali pake hapa Matema, anawauzia."

Kisha likaja lile swali lisilokosa kuulizwa: mpaka wetu na Malawi uko wapi, majini au ufukoni? Walimu waliutaja mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, mmoja akaanza kuchora ramani mchangani kwa kijiti. Kijana aliwaacha wachore. Alipobanwa alisema wavuvi wa hapa na wa Karonga wanajuana kwa majina na wanakopeshana nyavu, na hayo mengine ni ya wakubwa, ambao hawajayamaliza. Naona ni jibu la kibalozi, na sikumwona akilionea haya.

Safari ya kurudi aliipanga kupitia Ipinda na Masoko, njia isiyopendwa na madereva. Karibu na Ipinda alisimamisha gari penye mikakao, akaomba tunda moja kwa mwenye shamba, akalipasua, akawapa watu wamung'unye ute mweupe unaozunguka mbegu. Wilaya hii ndiyo inayoongoza nchini kwa kakao, na watu waliokula chokoleti maisha yao yote walikuwa hawajawahi kuonja kakao yenyewe ikiwa mbichi, tamu na chachu kwa pamoja. Dakika chache tu, tukaondoka.

Masoko lipo boma la zamani la Wajerumani, na kando yake ziwa dogo la kreta ambalo wenyeji huliita Kisiba. Kijana alionyesha maji. "Wanasema Wajerumani walizamisha humu sarafu na silaha zao walipokimbia. Wanasema." Akalirudia neno hilo, akaliacha hapo, akahamia kwa samaki. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa samaki wa ziwa hili: wa aina moja walioanza kuachana, wenye rangi ya njano wakikaa kwenye maji mafupi pembeni, wenye rangi ya buluu wakishuka kwenye kina chenye mwanga hafifu. Tofauti zao zilionekana hata katika jeni zinazohusika na kuona. Huko Ulaya watu huonyeshwa kanisa lililojengwa kwa miaka mia sita. Hapa palikuwa na jambo ambalo halijaisha kujengwa, ndani ya bwawa unaloweza kulizunguka kwa miguu.

Kijana alikwama kwenye jeni. Alisema wazi kwamba mwisho wa anayoyajua ni hapo. Ndipo mwalimu mmoja wa baiolojia, ambaye siku nzima alikuwa kimya, alipojitokeza mbele, akaokota kijiti, akachora jicho ardhini. Alieleza mwanga unavyopungua kadiri unavyozama, na rangi ipi inatangulia kupotea, na jike anayeishi kwenye giza la buluu anavyomchagua dume anayeweza kumwona. Wenzake walimkatiza, akawakemea, wakakaa. Dereva akapiga honi ya kwanza, ya pili. Kijana alikuwa amechuchumaa nyuma kabisa, karibu na mwenye goti, amepakata daftari.

"Mwalimu, samahani, hiyo ya macho irudie polepole," alisema. "Keshokutwa nina kundi la kutoka Karonga."