Kujidhili na Kudhiliwa: Lugha ya Unyenyekevu katika Luka 18

Mfano wa Farisayo na mtoza ushuru (Luka 18:9–14) huhubiriwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni nyepesi: mwenye kiburi ashuke, naye mnyonge atulie mahali pake. Fasiri hiyo haiungwi mkono na lugha ya mfano wenyewe. Katika tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, mfano unahitimishwa kwa vitenzi vinne: kujikweza na kudhiliwa, kisha kujidhili na kukwezwa. Mashina ni mawili tu. Viambishi ndivyo vinavyobeba hoja.

Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Kumdhili mtu mwingine ni kumvunjia utu. Kujidhili, katika muktadha huu, ni fadhila. Tofauti kubwa hiyo imebebwa na silabi moja. Kwa upande mwingine, -w- ya kauli ya kutendwa inaficha mtenda, ila msomaji wa Injili anamtambua: ni Mungu. Kwa hiyo -ji- ni ya mwumini, -w- ni ya Mungu. Hakuna nafasi iliyobaki kwa binadamu wa tatu anayejipa kazi ya kuwashusha wenzake.

Tena mtoza ushuru hakuwa mnyonge. Alikuwa na mamlaka ya kudai fedha za watu, na kazi yake iliambatana na utawala wa Kirumi. Anaposimama mbali na kujipiga kifua, anashuka mtu mwenye uwezo wa kutoshuka. Farisayo naye hakosi kwa kufunga wala kutoa zaka. Anakosa kwa kuyageuza hayo kuwa kipimo cha kumdharau jirani.

Uzito wa jambo hili unaonekana Lubunga, tarafa pekee ya Kisangani iliyoko ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo. Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliteketeza nyumba na kuwatawanya maelfu ya watu. Mhubiri akimwambia aliyepoteza nyumba na shamba kwamba kudai haki ni kiburi, anachanganya -ji- na -w-. Mtu huyo hakujidhili. Amedhiliwa, na waliomdhili ni binadamu. Kumtaka aiite hali hiyo unyenyekevu ni kumdhili mara ya pili. Lakini mfano haumwachii huru yeyote: anayejiona bora kwa sababu ya kabila lake, awe Mbole au Mlengola, amesimama pale aliposimama Farisayo.

Basi unyenyekevu wa Kikristo hauwezi kuamriwa kwa mwingine. Sharti uanze kwa mwenye nafsi yake. Na hapana budi mimbari iwe ya kwanza kujipima kwa kiambishi hicho, kabla ya kuwapima waliokaa chini yake.